Ndovu Waliwatangulia Wanafunzi

Dada Wakesho,

Natumaini huko Mghange bado mnaamka na ukungu na mahindi yako yanapendeza. Hapa Voi ni jua tupu, na vumbi linaingia hadi kwenye ugali.

Ile shule ya parokia niliyokuja kufundisha, ya watoto wa vibarua wa mtaa wa Kaloleni, ilikuwa ifunguliwe leo. Alfajiri ndovu wenye kiu walitoka mbugani wakafuata maji ya tangi letu. Wamelipasua, na darasa la pekee tulilokuwa nalo wameliangusha. Sista Mghoi, aliyezunguka akituombea matofali ya darasa hilo, ameketi juu ya kifusi.

Mama mmoja anayewafulia watu nguo alimleta binti yake, sare imepigwa pasi vizuri.

"Mwalimu, tungoje?" akaniuliza.

Mama yule akakitazama kifusi. Akamvua mtoto viatu vipya, akavifunga kwenye leso, wakarudi walikotoka. Hakuna mwingine aliyekuja.

Nisalimie wanao, dada. Wapeleke shule hata kukinyesha.

Mdogo wako akupendaye,
Mkamburi