Kazi ya Mguu wa Kushoto

12 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu tele kutoka hapa kwetu. Sisi hatujambo, ila mgongo wangu tu, ambao siku hizi unalala zaidi chini ya gari kuliko kitandani. Wewe je? Kidonda kimefunga? Unakula? Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei tangu utoke hospitali, na barua haina kitufe cha kuizima.

Wifi yako anakusalimu, na anakushtakia kwamba nimeongeza mke. Huyo mke ana milango minne na hana hata taa moja nzima. Nilimkuta nyuma ya mashine ya kusaga, kuku wametagia kiti cha nyuma, na mwenye mashine akaniambia, "Ukiweza kuliondoa, chukua, unirudishie nafasi yangu." Tulilivuta kwa kamba mpaka hapa uani. Ni yale magari ya zamani yenye pua ndefu na mashavu ya duara, lilitengenezwa mimi na wewe hatujazaliwa.

Jana nilifungua gia boksi. Nje kutu tupu. Ndani, kwenye mafuta meusi, meno ya gia yanang'aa kana kwamba yalikatwa asubuhi ile. Nilisukuma moja kwa kidole, yote yakazunguka bila sauti. Mimi ni fundi cherehani, mashine nimeziona, lakini nilijikuta nimevua kofia. Watu walioyachonga yale meno hawakujua kama kuna mtu atakuja kuyatazama, na bado waliyachonga vile.

Nimeapa kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, skrubu kwa skrubu. Mwenyekiti wa chama chetu cha magari ya kale hataki kuona hata redio isiyo ya asili, nami namuunga mkono.

Natamani ungekuwapo. Dereva wa ukoo huu ni wewe.

Kaka yako


3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi naendelea, kwa kadiri ya mtu aliyebaki na mguu mmoja. Kidonda kimefunga. Jirani ananiletea vitu vya sokoni, mimi nakaa dirishani. Mpe wifi pole ya kuolewa pamoja na bati.

Usiniite dereva. Dereva alibaki kwenye lile lori siku lilipopinduka, yeye na mguu wake wa kushoto. Sitakaa tena nyuma ya usukani maishani mwangu, na nakuomba sana tusilizungumze tena.

Angalia klachi. Gari likilala muda mrefu klachi huganda. Usije ukaifungua yote bure, kwanza jaribu kuikanyaga mara nyingi.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani? Huku wazima. Klachi ilikuwa imeganda kweli, na imeachia kweli. Unalijua gari usiloliona, mimi ninalolala nalo silijui. Haya ni maajabu yako, wala sikusifii ili upokee simu.

Sasa nina ombi. Chukua utepe, nipimie kuanzia bega la kushoto mpaka kiwiko, kiwiko mpaka kifundo cha mkono, upana wa kiganja, na urefu wa kila kidole. Usiulize.

Kaka yako


8 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hapa salama, mvua tu.

Umenishonea nguo tangu nikiwa mtoto, na hujawahi kunipima vidole. Ni nguo gani hiyo? Jirani anasema ni glovu, mimi nasema uzee. Vipimo hivi hapa nyuma ya karatasi. Kidole cha mwisho hakinyooki vizuri, kilivunjika na boneti miaka ile, usije ukadhani nimekosea.

Injini imewaka? Nauliza tu.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu, na kaa chini kwanza. Najua umekaa. Kaa vizuri.

Injini imewaka. Ilikohoa, ikatema moshi, nikadhani ndiyo imekata roho. Halafu ikatulia ikaanza kunguruma taratibu. Niliweka glasi ya maji juu ya boneti na maji yakatulia vilevile. Wifi yako, ambaye hajawahi kulisemea neno jema, alisimama mlangoni ameshika mwiko, akasema, "Haya makubwa." Chakula kikaungua na hakuna aliyelalamika.

Sasa vile vipimo. Siku ile ya klachi nilikuwa nimejilaza sakafuni mwa gari, miguu iko nje, kwa hiyo ile pedali niliisukuma kwa mkono. Ikaachia. Nikabaki pale pale nimelala, naitazama. Kumbe ndani ya gari mguu wa kushoto una kazi moja tu, na kazi yenyewe mkono umeifanya sasa hivi! Kukanyaga mafuta ni mguu wa kulia. Breki, wa kulia. Na huo unao.

Jirani yangu fundi pikipiki alinipa kishikio cha klachi ya pikipiki, tukakifunga kwenye fimbo ya gia. Springi ilikuwa nzito, sisi wanaume wawili tunabana, haiendi. Tukaunganisha pampu ndogo ya breki ya gari jingine, na sasa mafuta yake ndiyo yanayofanya kazi ya msuli. Unabana kama unavyokamua limau. Kosa lilikuwa langu. Nilipokata chuma niliongeza nafasi ya mshono, mazoea ya kazi, na kishikio kikawa mbali na vidole vyako kwa upana wa pindo zima. Fundi pikipiki alicheka mpaka akashika ukuta. Chuma hakitiwi pini, nikaanza upya.

Kuitoboa ile fimbo ya gia kuliniuma, sikufichi. Nilishika drili. Nikatoboa. Mwenyekiti alikuja akaona, akasema gari langu si la asili tena na halitaingia kwenye maonyesho. Nikamwambia sawa. Alishangaa sikubishana, na mimi pia nilishangaa.

Ili kujaribu nilijifunga mguu wa kushoto kwenye kiti kwa utepe wa kupimia. Mara ya kwanza niliondoka na kamba ya nguo za wifi yako, na nguo zenyewe. Baadaye nikazunguka kiwanja chote. Gia ya kwanza, ya pili, mguu umefungwa na gari linakwenda! Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Gari hili ni lako. Njoo.

Kaka yako


9 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Sijapata jibu lako. Kama nimekukosea niambie, matusi nayo ni majibu. Gari nimelifunika shuka. Halikudai chochote, wala mimi sikudai.

Kaka yako


18 Juni

Kaka,

Shikamoo. Afya ni nzuri. Barua zako zote mbili nilizipata. Ile ndefu niliisoma nikaitupa dirishani, kisha nikamwomba jirani akaniokotee.

Nyote mnauona mguu usiokuwapo. Hofu hamuioni. Gari likifunga breki hapa mtaani mwili wote unakufa ganzi. Klachi umeitengenezea kishikio, kaka, lakini hofu yangu hukuitengenezea.

Nakuja Jumamosi na basi kukwambia hapana usoni, kwa sababu kazi kama hiyo haikataliwi kwa barua. Nitalitazama tu, halafu nitanywa chai ya wifi na kurudi kwangu.

Mdogo wako


27 Juni

Kakaangu,

Shikamoo, na unisamehe. Wifi naye anisamehe kwa chai yake niliyoiacha. Jirani alishakupigia kwamba nimefika mzima, lakini haya mengine nilitaka uyasome.

Nilikuja kukataa, wewe ni shahidi. Kwenye kile kiti nilikaa ili usinune. Nikashika kishikio, vidole vikaingia, hata hiki kilichopinda kikapata mahali pake. Sijawahi kushika kitu kinachonijua namna ile. Ukasema tuzunguke kiwanja mara moja tu, ukashuka kufungua geti ili nipate nafasi ya kugeuza.

Nilibana, nikaingiza gia, nikaachia polepole. Gari likaanza kwenda na hofu ikaja, kama nilivyojua itakuja. Nikajiambia, nikisimama hapa sitaondoka tena mpaka nife. Basi sikusimama. Nilikuona kwenye kioo umeshika geti kwa mikono miwili, mdomo wazi, wifi nyuma yako anapunga kitambaa. Nilijua unaniita, na nilijua nikikusikia nitakanyaga breki.

Kwenye barabara kuu niliingiza gia ya tatu. Kaka, umetengeneza nini? Nimeendesha malori ya kila namna, sijawahi kusikia gari linalokwenda kwa utulivu vile, kana kwamba barabara ndiyo inayosogea. Watu walisimama kando kulitazama likipita. Kwenye mlima nilidhani litazima, nikabana, nikarudisha gia, nikaachia, likapanda. Mkono ulikuwa unafanya wenyewe, hauniulizi. Nililia kuanzia mlimani mpaka darajani, na kwa kila gia nilikuwa nasema "Mungu wangu, Mungu wangu," mpaka sauti ikakauka.

Hofu ipo bado. Nilikuja nayo njia nzima, lakini usukani haikushika.

Nilipofika mlangoni kwangu ndipo nilipokumbuka magongo. Yako kwako, yameegemea ukuta. Nikakaa ndani ya gari nikipiga honi mpaka mtaa mzima ukatoka. Walinikuta nacheka siwezi kuacha, wakanibeba mpaka ndani nikiwa bado nacheka.

Niletee magongo, kaka. Panda basi la Jumamosi asubuhi. Ukifika usitafute teksi wala usimwombe mtu akuelekeze njia. Kaa hapo kituoni, nitakuja kukuchukua.

Mdogo wako