Yai Inaongea

Jumanne, jioni

Sasa hivi Achieng amenyakua yai nililotaka kukaanga, akaliweka sikioni, akatulia. "Hii haiongei," akasema. "Kaanga tu." Nimecheka mpaka vitunguu vikaungua.

Nyumbani huyu ni kasuku. Lakini tangu aanze chekechea hapa Migosi alikuwa hajawahi kutoa neno darasani. Wiki jana mwalimu aliniambia mtoto asiyeongea hawezi kupanda darasa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Leo nimemkuta mwalimu getini ananingoja. Nikajua ni mabaya.

"Mama Achieng, leo msichana wako ametufokea!"

Kumbe watoto walikuwa wakipiga kelele kando ya boksi la mayai la darasani, lile lenye balbu ya kuyapa joto yaanguliwe. Achieng alikuwa ameinama kimya kama kawaida yake, sikio karibu na yai. Ghafla akasimama. "Nyamazeni! Mwalimu, yai inaongea!"

Wakanyamaza wote. Kifaranga kilikuwa kinalia ndani ya ganda, na kabla ya saa ya kwenda nyumbani kikatoka.

"Huyo atapanda," mwalimu akasema.

Nimelia pale getini na mfuko wangu wa dagaa wa omena mkononi, bila haya. Sasa ninachoomba kwa Mungu ni—

"Mama! Kuja usikie yai hii ingine!"

Ngoja, naitwa, labda hii nayo inaongea.