Nilivyomfuata Tata Mpaka Bustani za Akka

Haifa, Jumapili

Kwa Mama yangu mpendwa, huko Kebirigo,

Mbuya mono, Mama? Natumaini goti limepoa na majani chai yanatoka vizuri baada ya mvua. Mimi ni mzima. Bibi ninayemtunza anakula vizuri na bado ananiita kwa jina la binti yake. Siku hizi huku kumetulia, kwa hivyo usisumbuke ukisikiliza redio.

Najua unachosubiri si habari za bibi. Uliniambia kwa simu, "Kerubo, mfuate baba yako. Niambie utakachokiona kwa macho, si atakachokuambia." Nimemfuata. Naandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Tangu Tata ajiunge na Wabaha'i nilikuwa upande wako. Mtu amekaa kanisa la Sabato maisha yake yote, mara mwalimu mjane wa Nyakoe anaanza kuja kumtembelea, mara anahama dini, mara wanasafiri kundi moja kuja kuhiji ng'ambo! Hata usingeniambia, ningeshuku mwenyewe.

Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupumzika. Tata alikuwa amenitajia kwamba mahujaji wangepelekwa Akka, mahali alipozikwa mwanzilishi wa dini yao. Sikumwambia naenda. Nikatangulia.

Mama, ile bustani ilinitia wasiwasi kuliko pango la mganga. Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha bwana harusi. Changarawe za njiani hazina hata jani moja lililoanguka. Nilitafuta sanduku la sadaka, sikuliona. Nilitafuta mhubiri, hakuna. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akielekeza wageni, "Ninyi hasa mnaamini nini?" Akatabasamu, akasema katika nchi hii wao hawahubirii watu, lakini nakaribishwa kutembea. Nikajiambia, dini isiyotaka pesa zangu na isiyotaka kunihubiria, basi inataka nini?

Kundi lao likafika. Tata alikuwa na lile koti lake la kahawia, na mwalimu yuko kando yake. Nikajificha nyuma ya ua wa miti. Nikaona amemshika Tata kiwiko, anamwonyesha mlango wa kaburi. Tata akampa kofia yake amshikie, akavua viatu, akaingia. Mwalimu akaketi nje na ile kofia mapajani, kama mke. Nilikasirika.

Tata alipotoka, alitoka kinyumenyume, uso umeelekea mlangoni. Niliogopa ataanguka. Alipogeuka nikaona analia, Mama. Analia mdomo wazi. Mimi sijawahi kumwona Tata akilia, hata siku tulipomzika kaka Ombati. Wewe mwenyewe ulilalamika kwamba kesho yake alienda kupogoa chai kama hakuna lililotokea. Mwalimu akamnyooshea leso, nami nikatoka mafichoni.

"Tata! Huyu mwanamke ni nani kwako?"

Mwalimu akasimama. "Kerubo, nawaachia nafasi muongee."

"Kaa hapo hapo, Mwalimu. Na wewe nakuuliza."

Tata akajipangusa uso. "Umetumwa na mama yako."

"Ndiyo."

Hakukasirika. Akaketi, akatazama miguu yake isiyo na viatu. "Ombati alikufa tukiwa hatusemezani," akasema. "Kwa sababu ya ile pikipiki aliyoinunua nikimkataza. Nilimwambia asikanyage kwangu mpaka aniombe radhi. Hilo mama yako halijui. Baada ya mazishi nilimwendea mzee wa kanisa nikamwambia tumwombee kijana. Akaniambia wafu wamelala, hawajui neno lolote, na hawaombewi. Labda ni kweli. Lakini mimi nilikuwa bado nina maneno ya kumwambia."

Mwalimu akasema polepole, "Mimi nilimfundisha Ombati shule ya msingi. Nilikuja kutoa pole, nikamkuta baba yako kwenye chai anaongea na mtoto wake peke yake. Nikampa dua ya marehemu. Kitu kingine sikumpa."

"Na shamba?" nikauliza. "Hawajakuambia uwape shamba, Tata?"

Akacheka na machozi. "Hawa? Hawajaniomba kitu. Hata sadaka hawapokei kwa mtu asiye wao."

"Basi kwa nini hukumwambia Mama haya yote?"

"Mama yako alikataza jina la Ombati lisitajwe nyumbani. Nikakubali. Nikaenda kulitaja kwa wengine."

Nilimkazia mwalimu macho kwa muda mrefu. Hakukwepa. Nilitafuta kitu usoni mwake cha kukuletea, nikakosa.

Ilikuwa bado asubuhi, saa ambazo wageni nao wanaruhusiwa kuingia kaburini. Nikavua viatu, nikamfuata Tata. Ndani mna zulia, na bustani ndogo chini ya paa la kioo, na watu wamenyamaza kabisa. Tata akawa ananong'ona Kikisii kando yangu. Mimi sikupiga magoti, unanijua. Sikuomba. Nilisema tu, "Ombati." Tangu tumzike sikuwa nimelitamka. Nikalisema tena.

Tata aliniomba nimwachie habari ya ule ugomvi akuambie mwenyewe. Nimeshindwa, kwa sababu najua nguo zako umeshazifunga uende kwa wajomba Nyamira. Zifungue, Mama. Dini yake bado siiamini, na bado najiuliza nani analipia maua yote yale. Lakini mwanamke uliyenituma nimtafute, sikumpata. Tata akifika, jifanye hujui lolote. Mpe chakula, ukae karibu, umwache aanze. Akilitaja lile jina, tafadhali usimnyamazishe.

Nisalimie wajomba wa Nyamira, uwaambie hutaenda kwao. Nisalimie shangazi anayeuza ndizi hapo sokoni, na nyanya, mama yake Tata. Mzee wa kanisa pia msalimie, ila usimsomee barua hii.

Ni mimi binti yako, dada yake Ombati,

Kerubo