Kipande cha Kaniki Katikati

Kijiji kipya, karibu na Misima,
Handeni.
Alhamisi, baada ya shamba.

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya jingine lolote nauliza goti lako: bado linakusumbua asubuhi ukishuka mtoni, au ile dawa ya bibi imefanya kazi? Na baba, kikohozi kimemwachia? Huku mimi na mzigo wangu tu wazima. Mzigo una miezi saba sasa, na unapiga teke hasa nikiinama na jembe, nadhani hautaki kilimo.

Kaka ameniandikia kwamba umemaliza darasa la watu wazima na sasa unasoma barua mwenyewe. Nilicheka peke yangu kisimani mpaka wenzangu wakaniuliza nina nini. Ndiyo sababu nimeandika herufi kubwa. Na ndiyo sababu leo nitasema mambo ambayo zamani nisingeyasema, kwa kuwa yangesomwa kwa sauti mbele ya baba. Isome ukiwa jikoni.

Najua umekuwa ukinisubiri. Mimba ya kwanza hutuliwa kwa mama, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na Saidi aliniahidi kwamba mimba ikifika mwezi wa sita atanileta Kwashemshi mwenyewe. Sasa Saidi kijiji kimemchagua kwenda Tanga kujifunza trekta. Trekta lenyewe hatujaliona, lakini dereva tunaye. Tangu aondoke ni mwezi wa tatu, nami nimebaki na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili, kwenye mstari wa nyumba zilizopangwa kama meno.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa. Ametangaza kuwa mpaka palizi iishe asiondoke mtu na mzigo bila barua yake, kwa sababu waliohamishiwa hapa walikuwa wanarudi kimyakimya kwenye mahame yao, makazi waliyoachishwa. Akaniangalia tumbo, akasema, "Mama, hapa kuna mkunga, na zahanati inajengwa." Zahanati hiyo nimeiona. Ni kuta tatu, na mbuzi wamelala ndani. Nikarudi nyumbani na tumbo langu.

Mama mkwe angetamka neno moja tu ningepata barua siku ileile, maana mwenyekiti ni mtoto wa dada yake. Hakulitamka. Alinipakulia ugali wa unga wa njano, akasema, "Kula, mtoto ana njaa," basi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi alinipa jembe siku ya pili, na nadhani tangu siku ile hajawahi kunihesabu mgeni wala mwenyeji.

Mama, nisikufiche, nilihisi nimefungwa. Hakuna kamba, hakuna aliyenipiga, lakini kila nikigeuka kuna kitu: kengele ya shamba, zamu ya maji, balozi wa nyumba kumi anayepita kuhesabu watu. Nyuma ya choo chetu kuna kichuguu. Asubuhi ikiwa haina ukungu nikipanda pale naiona milima ya kwetu, ya buluu, midogo kama vyungu vya kuchezea watoto. Nilikuwa nikipanda kila siku mpaka jirani akaanza kuuliza kama naumwa tumbo la kuendesha.

Basi nikaanza kushona. Mikono ilitaka kazi isiyokuwa ya kijiji. Nilikuwa na ile kanga ya buluu uliyonifunga siku naolewa, imechanika pindo. Nilikuwa na shati la Saidi lililoisha kwapani, na vipande vya gauni langu la shule. Kwa chini nikaweka mfuko wa unga wa msaada, uliofuliwa mara sita na maandishi yake bado hayataki kutoka. Kanga yako nikaiweka katikati. Msufi ulio njia ya kisimani ulikuwa unapasua matunda, nikaokota sufi kidogo kidogo kwenye pindo la kanga kila nilipokwenda maji, nikajaza na kupiga mishono ya kushikilia. Blanketi la mtoto, Mama. Zuri, ingawa najisifu.

Lakini nilishona kwa kujificha. Mama mkwe ana mwiko: mtoto ambaye hajazaliwa haandaliwi kitu, hata uzi. Ukimtengenezea kitanda, anasema, kuna wengine wanaokuja kukilalia. Mkamia maji hayanywi. Nami nikawa nashona akienda shamba, akirudi blanketi liko chini ya kapu la kunde.

Sufi ndiyo iliyonifichua. Ijumaa iliyopita nilikuwa napepeta mahindi, akanijia, akaninyofoa kitu kwenye nywele, akakipuliza. Aliingia ndani moja kwa moja mpaka kwenye kapu la kunde, akatoka na blanketi mkononi. Nikasubiri mkamia maji. Hakulisema. Alikaa kwenye kigoda, akalibana blanketi kati ya kidole gumba na cha shahada, hapa na pale, kama mtu anayenunua.

"La nani hili?"

"La mtoto, mama."

"Mtoto wa wapi?"

Sikumwelewa. Akasema kwa Kizigua chake, nami nakuandikia kwa Kiswahili: "Mimi nimezaa saba katika nchi hii. Wote niliwafunika kanga moja, na hiyo waliipiga teke. Mtoto wa hapa anapepewa, hafunikwi sufi. Hili ni la mtoto wa mlimani."

Mama, niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Kwa sababu ni kweli. Huku hata usiku tunalala milango wazi kwa joto. Mimi nilikuwa nashonea ukungu wa kwetu, na sikuwa nimejiambia hata mimi mwenyewe.

"Ukienda, utarudi?" akaniuliza.

"Nitarudi, mama."

"Umejibu upesi mno."

Kisha akaanza kuzungumza, na mwanamke yule hazungumzi. Katika wale saba, wanne wamezikwa kwenye hame lao la zamani. Siku lori lilipokuja aliruhusiwa kubeba vyungu na kuku. "Makaburi hayapandi lori," alisema. Sasa hata akitaka kwenda kuyapalilia lazima aeleze anakwenda kufanya nini. "Saidi yuko Tanga. Wewe utakuwa mlimani. Mimi nitaongea na nani, na kuku?" Alisema hivyo akilikunja blanketi vizuri, ncha kwa ncha, akanirudishia.

Nilimwonea huruma, na nikakasirika kwa kumwonea huruma. Miezi yote hii nilimwona yeye ndiye mlango uliofungwa. Kumbe yuko ndani pamoja nami. Na lile swali lake, Mama, nikwambie ukweli kwa kuwa unasoma peke yako: sikujua kama nitarudi. Nilijiona nimekaa jikoni kwako na mtoto, mvua inanyesha, na wewe unasema kaa kidogo mpaka atambae, kaa kidogo mpaka atembee. Nilijiona nikikaa.

Jumapili akaniletea kipande cha kaniki, cheusi, kimechakaa mpaka kimekuwa laini. Amekikata kwenye ile aliyombebea Saidi mgongoni. Alikiweka mapajani mwangu.

"Shona hiki katikati. Ukikishona, nitakwenda kwa mwenyekiti. Usipokishona sitakulaumu, ila sitakwenda."

Nikasema, "Ahsante, mama, kwa kunipa."

"Sikupi," akasema. "Nakuazima."

Siku tatu nilitembea nacho kwenye pindo la kanga. Nilikwenda nacho shamba, nikaenda nacho kisimani. Unajua mwenyewe mambo ya kuazima. Hata ungo ukiazima kwa jirani hulali vizuri mpaka umeurudisha. Mama mkwe hakusoma darasa lolote lakini amenifunga fundo ambalo mwenyekiti na muhuri wake hawaliwezi.

Jana alfajiri nilifumua katikati. Nisamehe, kwa kuwa katikati ilikuwa kanga yako. Sikuitupa, nimeihamishia ukingoni, upande atakaoweka kichwa. Nilipomaliza kushona kaniki nikamwonyesha. Akapitisha kidole juu ya mishono, akavuta uzi mmoja kuona kama umeshika, akachukua fimbo yake akaenda. Kabla ya adhuhuri alirudi na barua ya mwenyekiti, ina muhuri. Nina ruhusa mpaka arobaini ya mtoto.

Nitakuja na gari la bwana shamba Jumanne ijayo, inshallah. Atanishusha Korogwe, hapo nitapata gari la juu. Barua hii anatangulia nayo leo. Naomba kaka anisubiri njia panda, mzigo wa mbele unanitosha, wa kichwani siuwezi.

Msalimie baba. Sehemu ya makaburi usimsomee, atanuna siku nzima. Bibi mwambie aanze kutafuta jina, ila asilitamke, tumheshimu mwenye mwiko wake. Mwalimu wako wa watu wazima mpe ahsante yangu, bila yeye haya yote ningekufa nayo.

Sasa Mama, nina ombi moja, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja nifike. Nikifika nitashindwa kulisema.

Siku ya arobaini, usiniulize kama nataka kubaki. Wewe ukiniuliza, nitabaki. Amka mapema, unifungashie mwenyewe, umfunge mtoto mgongoni mwangu na blanketi lake, kaniki ikae nje ionekane. Unitoe mpaka mlangoni, hata nikilia. Kisha ufunge.

Mwanao,
Zaina