Pembe za Mwezi wa Shemeji Amissi

Nyakabiga, 18/2/2026

Shemeji Zénon,

Salamu nyingi. Magoti yako bado yanalia? Na dada yangu Khadidja, bado anakuvumilia pale Kinindo? Mi niko muzima, kesho tunaanza kufunga.

Andika mu daftari letu la kushindania mwezi: mwezi mwandamo ameuona Amissi, wa kwanza mu Bujumbura nzima, saa moja kasoro robo, juu ya milima ya Congo. Kwa macho matupu! Si kwa lunette, hiyo darubini aliyokutumia binti yako kutoka Ubelgiji. Mwembamba kama ukucha, pembe zimeelekea kulia. Tangu hiyo lunette yako ifike sijashinda hata mara moja. Nuna sasa.

Shemeji yako,
Amissi

Kinindo, 19/2/2026

Shemeji Amissi,

Mfungo mwema. Magoti yanauma, asante. Khadidja anakusalimu, anacheka mpaka anashika ukuta.

We, pembe kulia? Mwezi mwandamo wa kwetu unalala chali kama bakuli, pembe zinaangalia juu. Miaka ishirini tunauandika hivyo! Huo wako ni ule wa bati, juu ya msikiti wenu. Mi niliuona dakika kumi mbele yako. Mu daftari nimeandika: Zénon, mwezi. Amissi, bati.

Shemeji yako,
Zénon

Nyakabiga, 8/3/2026

Shemeji,

Salamu. Magoti leo siulizi. Siku kumi na saba nilikuwa nimenuna.

Bon, haya, nilidanganya. Aliyeuona ni Assia, muke wangu. Akanyoosha kidole, nikasema «ee, ee, ule pale», na sikuona kitu. Nikaandika ule wa msikiti. Na ule wa kabla ya huo pia sikuuona. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, kila upande mumoja. Nikamwambia, watoto ninao wa kutosha.

Wivu unanila, shemeji. Kila jioni naomba mawingu yakae juu ya nyumba yako peke yake.

Lakini mguu wa lunette ulipovunjika, nani aliuchomelea? Si mi? Ukasema: «Amissi, siku moja utaangalia.» Nikajibu sitaki kitu chako. Sasa nataka. Jioni ya mwezi wa Idi, unitegee hiyo lunette, niweke jicho la kushoto, hilo bado linajaribu. Dakika mbili tu.

Khadidja akiuliza, mwambie nimekuja kukagua mguu.

Shemeji yako,
Amissi