Wiki Tatu Hayupo Darasani Wala Karakana

Shoga, nimetoka shuleni kwa mjukuu wangu sasa hivi.

Si unajua asubuhi anasomea mtihani wa kuingia chuo, mchana anajifunza kuchomelea vyuma? Mwalimu wa darasa kaniambia, "Bibi, siku hizi si anashinda karakana?" Nikaenda karakana. Fundi akavua miwani: "Huku? Mimi niliambiwa yuko darasani kutwa!"

Wiki tatu, shoga! Wiki tatu kila mmoja anadhani yuko kwa mwenzake, na mtihani ni mwezi ujao!

Ngoja, huyo anaingia.

"Shikamoo bibi! Leo fundi kanisifu."

Nimeitikia tu. Ovaroli ina grisi mbichi, na mkono umeungua leo leo.

Fundi yupi, shoga? Fundi yupi?