Gari Jeusi Litakalokupeleka Kanisani

Kwako Nasimiyu, uliyekuwa mchumba wangu,

Barua hii siitii kwenye bahasha. Nitaiacha wazi kwa shangazi yako hapo mtaa wa Tuwan, na anayetaka aisome, hata huyo bwana harusi wako. Utakapoipata, harusi itakuwa imepita na gari utakuwa umeshalipanda. Ni habari za gari hilo ninazotaka kukuandikia, maana limenitoa roho wiki nzima.

Bwana wako alilileta hapa gerejini Kitale siku ya Jumatatu, kutoka Chwele, likiwa na vumbi mpaka kwenye vioo. Hanijui. Alimwambia tajiri wangu, "Nataka ing'ae kama mpya, Jumamosi naoa." Akataja jina lako na la baba yako huku akicheka, nami nimesimama pale na ndoo mkononi. Lingekuwa jeupe au la kijivu ningeshukuru Mungu. Lakini ni jeusi, Nasimiyu, na unajua mwenyewe rangi nyeusi haifichi kitu.

Unakumbuka tajiri aliponunua mashine ya umeme ya kung'arishia, ile yenye kisahani kinachozunguka kilichovalishwa ngozi ya kondoo? Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa nikisugua gari kivulini, ndani ya banda, mpaka naona meno yangu kwenye boneti, kisha nalitoa nje kwa maringo. Wewe umekaa langoni kwenye jiwe lako na beseni la njugu za kuuza, na jua la jioni linateremka upande wa Mlima Elgon. Hukunisifu hata siku moja.

"Hii gali bado, bana," ulisema.

"Bado nini? Si unaona inang'aa?"

"Inang'aa, lakini buibui amejenga. Kuja ukae hapa uone."

Nilikuja kwa hasira, nikakaa, nikashusha kichwa mpaka usawa wa kichwa chako, na kweli. Boneti nzima ilikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine, kama utando wa buibui. Ukisimama huioni, na kivulini huioni kabisa. Tangu siku hiyo kila gari nililileta kwanza mbele ya jiwe lako. Nikipumzika, uliichukua ile ngozi ukaiweka mapajani, ukawa unaichambua manyoya kwa vidole tukizungumza. Nilidhani ni mikono tu inatafuta cha kufanya. Ndipo nilipoanza kukupenda, na wala hatukufichana.

Kwa hiyo bado nina hasira na siku ile tulipokwenda kwenu Bungoma kuposa. Nilivaa shati jeupe. Baba yako aliniuliza kazi yangu, nikamweleza kwa fahari habari za mashine, akasikiliza mpaka mwisho. "Ati kazi yake ni kupangusa magali ya watu?" aliwauliza ndugu zake, kana kwamba mimi sipo. "Basi apanguse. Msichana wangu ataenda kwa mwenye gali." Wakacheka. Nilikutazama wewe. Uliijua kazi yangu kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, na neno lako moja tu lingenitosha. Ukatazama mkeka. Nimejaribu kukuelewa na nimeshindwa.

Sasa mwenye gari amepatikana, na gari lenyewe limenishinda. Jumatatu nilisugua, nikalitoa nje, nikakaa kwenye jiwe lako: buibui. Jumanne nikaongeza dawa ya kung'arisha na kuilalia mashine kwa nguvu zote, wakaja buibui wengi zaidi. Jumatano nikatia dawa laini zaidi, bado. Niliitukana mashine, nikamtukana na kondoo aliyetoa ngozi. Tajiri akanionea huruma. "Wekesa, wacha kujisumbua. Paka nta nyingi, hiyo mikwaruzo itajificha. Mpaka gari ioshwe mara mbili tatu, harusi imekwisha."

Ni kweli, nta huficha. Na hapo nikapata wazo. Nitapaka nta gari zima, ila mlango wa nyuma, ule utakaoingilia, nitauacha na buibui wake. Jua la asubuhi litaupiga, utainama kuingia, na katika watu wote wale wewe peke yako utaona. Utajua ni mkono wangu. Nilitembea na wazo hilo siku nzima nikiwa na furaha, na sioni haya kukuambia. Lakini kila nilipoupita ule mlango nilisikia, "Hii gali bado, bana," nikakasirika upya. Hata ukiwa hupo unanikosoa! Siwezi kutoa gari ambalo bado.

Jana Alhamisi niliivua ile ngozi na kuikagua. Chini ya manyoya dawa ya zamani ilikuwa imekauka pamoja na vumbi, imekuwa vipunje vigumu kama mchanga, na ndivyo vilivyokuwa vikizunguka na kuchora rangi. Nilikaa chini. Tangu uondoke hakuna mtu aliyeichambua ile ngozi. Magari niliyosugua tangu hapo yalikuwa meupe, hayakuonyesha mikwaruzo. Niliiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nikaichana kwa kitana changu cha nywele, kisha nikaitoa vipunje kimoja kimoja kwa vidole, kama ulivyokuwa ukifanya, nikiwa na uchungu ambao sikuutegemea.

Leo nimeanza upya. Dawa kidogo, mashine imelala sawa, sikuikandamiza; nimeiacha itembee polepole kwa uzito wake wenyewe. Halafu kitambaa laini cha flana kwa mkono, mistari iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Mlango wako nimeufanya mwisho. Jioni hii nimelisukuma gari mpaka langoni, nikakaa, nikashusha kichwa. Safi. Mlango ulionyesha njia, na jiwe, na mtu mmoja amekaa juu yake. Kesho utakuonyesha wewe na gauni lako, bila mkwaruzo hata mmoja, na mimi sitaonekana popote. Hiyo ndiyo kazi ikifanywa vizuri, na inaniudhi kuliko ninavyoweza kuandika.

Nakutakia nyumba yenye amani, na ninasema hivyo kwa moyo, ingawa moyo wenyewe umekunjamana. Ila baba yako akilisifu lile gari, na najua atalisifu, mwambie nani alilipangusa. Neno moja tu, Nasimiyu, hata kama limechelewa.

Aliyekuwa mchumba wako,
Wekesa